Gari unaliona, mwenyewe humwoni

Yadi nyingi za magari yaliyotumika nchini Kenya huuza mali ya watu wengine. Mnunuzi anayekagua injini na kulisahau jina anaweza kulipia deni, kesi au urithi wa watoto wa mtu.

Ni Jumamosi, karibu saa tano, katika yadi moja kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Fundi ametoka chini ya Toyota Fielder ya kijivu akijipangusa magoti. Amechomoa kijiti cha oili akakinusa, amejaribu gia zote, amepapasa breki kwa kidole. Amelipitisha. Mwalimu wa sekondari aliyemleta fundi huyo ameshapatana bei, laki tisa na nusu, na yadi inataka laki moja ya kulishikilia gari kabla ya jioni.

Anayechelewesha mambo ni mumewe. Amesimama kivulini na simu, ameingiza namba ya gari kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, amelipa shilingi 550, na sasa anasoma. Chesisi inalingana. Rangi inalingana. Ila mahali pa mmiliki pana majina mawili: moja ni la benki, na jingine ni la mtu ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemtaja.

"Hiyo si shida, mwalimu," anasema muuzaji. "Mkopo uliisha kitambo. Ni benki tu haijatoa jina lake."

Huenda ni kweli. Mikopo huisha, na benki huchelewa. Lakini laki moja ikishaingia kwenye simu ya muuzaji, kazi ya kuthibitisha maneno hayo inabaki kwa mwalimu, na haraka ya yadi kumsaidia itakuwa imekwisha.

Yadi ya huyu, gari la yule

Wengi huingia yadini wakidhani wameingia dukani. Mwenye duka amenunua sukari yake kwa jumla. Akikuuzia kilo moja, anakuuzia kilicho chake. Yadini mambo yamechanganyika.

Yapo magari ambayo mwenye yadi ameyaagiza Japani kwa pesa zake. Yapo ya waagizaji wengine, hasa wa Mombasa, yaliyoletwa yauzwe ndipo walipwe. Yapo ya watu binafsi walioyaegesha hapo kwa makubaliano ya kamisheni. Yapo yaliyonyang'anywa na wakopeshaji. Na yapo ya kubadilishana: mwenyewe aliliacha la zamani, akaongeza pesa, akaondoka na jipya. Yote yamepangwa safu moja, yameoshwa na kijana mmoja, na magurudumu yamepakwa dawa ileile ya kung'arisha. Kwa macho huwezi kujua lipi ni la nani.

Gari la kubadilishana ndilo linalozaa maswali mengi. Kwa utaratibu kamili yadi ingepaswa kuliandikisha kwa jina lake kwanza, kisha kuliandikisha upya kwa jina la mnunuzi. Aghalabu haifanyi hivyo. Kubadili jina kuna ada na kunakula siku, na yadi inataraji kuliuza gari hilo wiki ijayo. Kwa hiyo rekodi inabaki na jina la yule aliyeliacha, ambaye kwa sasa yuko kazini kwake Thika au Nakuru akijua ameshauza.

Mazoea haya yana historia. Zamani za makaratasi kulikuwa na Fomu C. Muuzaji aliitia saini, akaacha wazi mahali pa jina la mnunuzi, akaibana pamoja na nakala ya kitambulisho na PIN, akakabidhi na logibuku. Fomu hiyo moja ingeweza kulipitisha gari mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya yeyote kujaza jina lake. Rekodi ilikuwa kwa Msajili wa Magari, chini ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, na msajili alijua tu kile alicholetewa dirishani.

Sheria ya mwaka 2012 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ikaikabidhi usajili wa magari. Kazi hiyo ikahamia mtandaoni. Leo muuzaji hufungua akaunti yake mwenyewe, akaanzisha uhamisho, na mnunuzi akaukubali kwenye akaunti yake. Fomu yenye nafasi tupu imekosa kazi, lakini tabia haikufa. Wapo wauzaji wanaoiachia yadi nywila ya akaunti zao ili wasisumbuliwe tena. Atakayeketi kwenye kompyuta siku ya mauzo si mwenye akaunti.

> Jina lililo kwenye rekodi linakuonyesha mtu wa kumuuliza. Halisemi kama amekubali kuuza.

Shilingi 550 zinaonyesha nini

Upekuzi huo, ambao yadini kila mtu huuita sachi, hauhitaji wakili wala kufahamiana na mtu ofisini. Ukiwa na akaunti ya eCitizen na namba ya gari, inatosha. Majibu yanataja aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, rangi, namba ya chesisi na ya injini, jina la mmiliki wa sasa, na kama kuna zuio lililowekwa gari lisihamishwe.

Ufanye mwenyewe, na uufanye siku ya kulipa. Nakala iliyochapishwa na yadi mwezi uliopita inaeleza hali ya mwezi uliopita. Picha ya skrini inayotumwa kwa WhatsApp ni mbaya zaidi, kwa kuwa kubadilisha jina kwenye picha ni kazi ya dakika chache kwa kijana yeyote mwenye simu.

Kisha fungua boneti. Namba ya kulinganisha ni ile iliyochongwa kwenye chuma cha bodi. Kibati kilichobanwa kwa ribiti huweza kung'olewa na kuhamishwa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya nyuma namba hiyo ya kuchongwa hupatikana kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Magari mengine huwa nayo chini ya zulia, karibu na kiti cha mbele. Mara nyingi imefunikwa na vumbi na grisi, basi chukua kitambaa, washa tochi ya simu, usome herufi moja moja. Tazama kama zimesimama sawa na kwa kina kimoja. Rangi iliyo mpya kiasi cha kiganja pale penye namba, na sehemu nyingine za bodi zimechakaa, inahitaji maelezo. Mstari wa kuchomelea kuizunguka namba hauhitaji maelezo, ondoka.

Namba ya injini ni suala jingine. Injini za mitumba kutoka Japani huuzwa kila siku Barabara ya Kirinyaga, na gari la umri wa miaka kumi na tano lililobadilishiwa injini si ajabu. Anayeuza kwa haki atakuwa na risiti, na mabadiliko hayo atakuwa ameyapeleka NTSA. Asiye na vyote viwili anakuachia wewe kazi ya kwenda kujieleza kwa wapelelezi.

Gari lililofika karibuni kutoka ng'ambo, ambalo bado halina namba ya Kenya, halina cha kupekuliwa hivi. Hapo stakabadhi ni cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kuuza nje, hati za forodha na cheti cha ukaguzi, zote zikiwa na chesisi ileile. Magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yamewahi kunaswa bandarini Mombasa ndani ya makontena. Anayetamani Range Rover kwa bei ya Harrier ana sababu ya kusoma hati hizo mara mbili.

Deni lililofichwa

Turudi kwenye majina mawili. Benki ikimkopesha mtu pesa za gari, huandikishwa pamoja naye, na mpaka itakapojiondoa hakuna uhamisho utakaopita. Kwa mnunuzi hiyo ni nafuu, maana deni limejitokeza hadharani.

Kununua gari la namna hiyo kunawezekana, tena kwa usalama, mradi pesa zipite njia yake. Mwenye gari anaiomba benki barua inayotaja salio. Mnunuzi anaweka salio hilo moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki ikiwa imeahidi kwa maandishi kujiondoa. Kiasi kinachobaki anakipata mwenye gari baada ya jina la benki kutoka. Muuzaji anayesema "nipe zote, nitamalizana nao Jumatatu" anaomba mkopo wa pili kutoka kwako, bila riba.

Kuna madeni mengine ambayo sachi ya NTSA inaweza isiyaonyeshe. Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 ilifuta sheria ya zamani ya rehani za vitu na kuanzisha daftari la kielektroniki. Mkopeshaji anaweza kuandikisha humo dai lake juu ya ng'ombe, cherehani, mashine ya kusaga au gari. Daftari hilo liko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, nalo pia hupekuliwa kupitia eCitizen. Kwa hiyo sachi ni mbili. Wanunuzi wengi hufanya moja, na wanaofanya biashara ya mikopo ya logibuku wanalijua hilo.

Halafu kuna shailoki, mkopeshaji wa mtaani ambaye haandikishi chochote popote. Yeye huifungia logibuku kwenye droo yake. Dalili yake ni sentensi ambayo kila aliyewahi kununua gari ameisikia: logibuku iko, ila iko nyumbani, ataileta shemeji kesho. Ikifika kesho pamoja na gari, vizuri. Pesa zisubiri kesho hiyo.

La kukodi na la marehemu

Ujanja mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu unaushinda ushauri wa kawaida wa kulinganisha majina.

Mtu anakodi gari la kujiendeshea kwa siku tatu. Anafanya sachi yake, kama mnunuzi anavyofanya, na kwa pesa zilezile anapata jina la mwenye gari. Anatengenezewa kitambulisho chenye jina hilo na picha yake mwenyewe, na logibuku ya kughushi. Kisha anatokea yadini, au anakutana na mnunuzi kwenye maegesho ya jumba la biashara, akiwa na shida ya haraka: mtoto yuko hospitalini, au safari ya Dubai ni kesho kutwa. Bei yake ni nzuri. Ukilinganisha jina la rekodi na la kitambulisho, yanalingana kabisa. Chesisi nayo ni yenyewe. Mwenye gari halisi huwa anafuatilia kifaa cha kulisaka kwenye simu yake na anaona gari limelala mtaa asioujua.

Kinachomshinda tapeli huyu ni akaunti. Mwambie aingie kwenye eCitizen yake mbele yako, kwa simu yake, aanzishe uhamisho, nawe uone ombi likifika upande wako kabla hujatoa pesa. Mwenye gari wa kweli hufanya hivyo akiwa anakunywa chai. Wa uongo ataanza kulalamika kwamba mtandao uko chini.

Hapa kuna mvutano ambao haujatatuliwa. Rekodi inayomlinda mnunuzi ndiyo hiyohiyo inayompa mwizi jina la kughushi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kuna hoja nzito kwamba jina la mtu halifai kuuzwa kwa kila mwenye pesa za nauli. Wakopeshaji na wanunuzi nao wana yao: ukilificha jina, soko lote linarudi kwenye kuaminiana kwa sura. Mimi ningeliacha jina wazi, ila mmiliki ajue ni nani alimpekua na lini. Mtu asiyefikiria kuuza gari lake angeshtuka mapema.

Gari la marehemu halina tapeli, na pengine ndiyo maana linawaingiza wengi matatani. Mzee amefariki, mwana wa kwanza anashughulikia mambo, familia ina bili ya hospitali, na gari linapelekwa yadi. Simu ya mzee ipo, nywila inajulikana, uhamisho unapita kana kwamba mzee yuko sebuleni. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu mtu kuigusa mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka ya kuisimamia. Kifungu cha 45 kinafanya hilo kuwa kosa la jinai. Mama mdogo wa nyumba ya pili akija na wakili wake, au dada aliyeko Mombasa akisema hakuulizwa, mnunuzi anajikuta katikati ya ugomvi wa nyumba mbili akiwa na funguo mkononi. Swali la kuuliza yadini ni jepesi na si utovu wa adabu: mwenye gari yuko wapi, naomba nizungumze naye.

> Tapeli hulalamika kuhusu mtandao. Familia ya marehemu husema mzee amesafiri.

Yadi nazo zina malalamiko

Mwenye yadi akikataa kukupa simu ya mwenye gari, si lazima awe anaficha uovu. Kodi ya uwanja kando ya barabara kubwa si mchezo, na kamisheni ndiyo chakula chake. Akishawakutanisha wawili hao, wanaweza kumaliziana nje kwa bei ya chini kidogo na yeye akabaki na vumbi. Ndiyo maana kwenye picha za matangazo namba za magari hufunikwa kwa nembo ya yadi. Mabroka hutembea yadi kwa yadi wakisoma namba, kisha hutangaza magari yaleyale kama yao.

Yadi pia hutapeliwa. Mteja analeta gari la kubadilishana lenye mkopo ambao haukuandikishwa popote, anaondoka na gari jipya, na mwezi wa pili mkopeshaji anakuja yadini na kampuni ya mnada. Wafanyabiashara hawa wana vyama vyao, kikiwamo kile cha wenye mabazaa ya magari, Kenya Auto Bazaar Association. Kibandiko cha chama mlangoni kinaeleza habari za yadi. Kuhusu gari hilo ulilosimama mbele yake, hakisemi neno.

Hofu ya kupitwa na kamisheni naielewa. Haitoshi kumnyima mnunuzi namba ya gari na chesisi kabla ya malipo ya kushikilia. Hayo ni mambo ya kuandikiana: yadi impe mnunuzi namba, naye atie saini kwamba hatamfuata mwenye gari kando kwa muda fulani. Anayedai laki moja kwanza ndipo aonyeshe namba anauza mbuzi kwenye gunia, hata kama mbuzi ni mzima.

Soma pia mkataba, hasa mstari unaomtaja muuzaji. Kwa kawaida ndio mstari usiosomwa na mtu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinamfanya muuzaji awajibike kwamba ana haki ya kuuza; kifungu cha 23 kinaweka kanuni, yenye vighairi vyake, kwamba aliyenunua kwa asiye mwenye mali hapati haki kubwa kuliko ya aliyemuuzia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo ipo. Lakini yadi ikijitaja kwenye mkataba kuwa wakala tu, na muuzaji akawa mtu wa Eldoret ambaye simu yake haishikiki, kudai pesa zako ni safari ndefu. Na pesa zifuate jina hilohilo: ziingie kwenye akaunti ya aliye kwenye rekodi, au kwa yadi yenye barua yake ya idhini na mkataba unaoonyesha jinsi gari lilivyoifikia. M-Pesa huonyesha jina la anayepokea. Lisome hadi mwisho.

Siku kumi na nne

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inampa mmiliki mpya siku 14. Zikipita bila gari kuandikishwa kwa jina lake, hapaswi kulitumia barabarani. Wengi hulitumia miezi.

Anayeumia kwa uzembe huo mara nyingi ni yule aliyeuza. Kifungu cha 8 kinamhesabu aliye kwenye rekodi kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na mwendesha bodaboda aliyevunjwa mguu humshtaki anayeonekana. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya na Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba usajili ni ushahidi wa awali tu, na kwamba aliyekwisha kuuza na kukabidhi gari anaweza kuvua mzigo huo. Iliegemea pia uamuzi wa mahakama ya Uganda. Tatizo ni kwamba lazima uthibitishe, na ushahidi wenyewe unapaswa kuwapo kabla ajali haijatokea.

Kwa anayeliacha gari lake yadini leo, ushahidi huo ni karatasi ya makabidhiano: namba ya gari, chesisi, kilomita zilizosomwa, jina na kitambulisho cha aliyepokea, mhuri wa yadi, tarehe na saa. Saa iandikwe. Gari likigonga mtu jioni hiyohiyo, mawakili watabishania dakika.